Injini Isiyopata Moto

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nanunua perege na kambale kwenye dago, zile kambi za wavuvi ng'ambo ya ziwa Kitangiri, nawakausha, kisha wengi wao nawapeleka Nduguti, ambako tangu zijengwe zile ofisi mpya za serikali kuna watu wanaokula samaki kila wiki na kulalamika kila wiki kwamba ni wadogo. Kazi hii nimeifanya tangu watoto wangu wakiwa wa kubebwa mgongoni. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba mimi ni mjuzi wa injini. Injini siijui. Ninaowajua ni watu, na katika habari hii injini ilikuwa na ubovu mdogo kuliko watu walioizunguka.

Tulikuwa kikundi cha wanawake wachuuzi wa mwalo mmoja, ufuko mmoja wa kutia boti. Miaka mingi tulivushwa kwa mitumbwi ya kasia, na upepo wa mchana ukituwahi, samaki walianza kunuka kabla hatujaona nchi kavu. Tukachanga. Tukanunua boti ya mbao na injini ya petroli ya kufunga nyuma, mpya kabisa, ikiwa bado na karatasi zake. Siku boti ilipofika mwaloni mchungaji aliomba, shehe naye akaomba, kisha mwenyekiti wetu akahutubia kwa muda mrefu kuliko sala zote mbili zikijumlishwa.

Huyu mwenyekiti ni mama aliyetuzidi umri wengi wetu, na amewahi kuwa mjumbe wa kila kamati iliyoundwa kijijini kwetu, pamoja na zile ambazo hazikuwahi kukutana. Boti kwake haikuwa boti, ilikuwa mradi. Mvua ikinyesha juu ya boti, mradi umelowa. Kiboko akionekana karibu, mradi uko hatarini. Alikuwa na sauti ya kuamuru, na sisi, Mungu atusamehe, tulidhani sauti ile ni akili.

Nahodha tulimpata palepale kijijini, Mnyiramba wa umri wa kati, mzaliwa wa ziwa. Sitamsifu kupita kiasi. Alikuwa mtu wa kununa, mwenye hasira za karibu, na akikukuta umechelewa kupanda aliondoa boti huku unamwona. Lakini aliyajua matete yote na viboko waliolala ndani yake, na hakuna samaki wa mtu aliyewahi kuharibika mikononi mwake.

Wiki za mwanzo injini ilikwenda vizuri. Asubuhi nahodha alivuta kamba, ikanguruma, ikakohoa kidogo, akairudisha ndani mara moja choki, kile kivuto cha kuwashia injini ikiwa baridi, na safari ikaanza. Dumu moja la mafuta lilitupeleka hadi dago za mbali na kuturudisha, na chini yakabaki ya kuanzia kesho yake.

Kisha mwenyekiti akasema injini imefikia wakati wa huduma ya kwanza, na fundi yupo. Fundi alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake, aliyeishi Nduguti akitengeneza pikipiki na pampu za maji. Yeye alijiita injinia. Alivaa ovaroli ya bluu yenye jina la kampuni ya barabara ambayo hakuwahi kuifanyia kazi hata siku moja. Nadhani aliinunua mnadani. Tulimpikia kuku. Akaifungua injini, akaifunga, akala kuku, akatuambia kwamba ameiboresha. Neno hilo alilitamka polepole, kama mtu anayetupa zawadi.

Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Nahodha ndiye aliyeona mwanzo, akaja kutuambia tukiwa tunapanga matenga.

"Injini haipati moto," alisema. "Naiwasha, naisubiri, nikirudisha choki inazima. Tunafika katikati ya ziwa bado inakohoa kama ndiyo kwanza imeamka. Na mafuta inakunywa. Jana nimerudi dumu likiwa kavu."

Mwenyekiti akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Injini isipopata moto si ndiyo nzuri? Wenzako injini zao zinaungua."

"Mama, haikuwa hivi mwanzo."

"Mwanzo haikuwa imeboreshwa," mwenyekiti akamjibu, na wanawake kadhaa wakacheka, wakidhani amesema neno la kitaalamu.

Baada ya hapo dumu moja halikutosha tena. Tukawa tunabeba na la pili, nalo likirudi na matone tu chini. Hesabu ya faida ikaanza kupungua, na faida ikipungua katika kikundi cha watu, hakuna anayetazama chombo. Kila mtu anamtazama mwenzake. Kikao kikaitwa. Mwenyekiti alifungua kwa sala ndefu, halafu akasema kwamba mafuta hayawezi kupotea hewani, na kwamba wote tumeona nyumba ya nahodha ina mabati mapya.

Huo ndio ulikuwa ushahidi wote. Mabati. Nyumba yake ilivuja masika yote niliyomfahamu, na hakuna mtu aliyeitisha kikao kuuliza kwa nini inavuja. Siku ilipoacha kuvuja ndiyo tukapata la kuuliza.

"Mabati yale ni ya alizeti ya mke wangu," nahodha alisema. "Mliiona ikipakiwa. Wengine wenu mlisaidia kuipepeta."

Ilikuwa kweli. Mmoja wa wanawake waliopepeta alikuwa amekaa mbele yangu, na nilimwona akiinama kutafuta kitu chini kwenye mkeka ambacho hakikuwapo.

Mimi nilisimama, nikasema tuipime kwanza injini kabla ya kumpima mtu. Mwenyekiti akaniambia nikae, kwamba hiki si kikao cha ufundi. Kisha akalitoa lile neno. Hakusema nahodha amekosea, wala hakusema anamshuku. Alisema, "Hatuwezi kulisha mwizi." Kikao kilikuwa nje, kando ya njia iendayo kisimani, na majirani wa nahodha walikuwa wakipita na ndoo zao. Wakasikia.

Nahodha hakupiga kelele, ingawa nilimtarajia apige. Alikwenda kwake, akarudi na ule mpira wa kupitisha mafuta ambao alikuwa akilala nao ndani ili usiibwe, akauweka miguuni mwa mwenyekiti, akaondoka. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kiasi kwamba chakula kilinishinda, na mume wangu aliponiuliza nikamjibu kwa Kinyiramba maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Nahodha mpya alikuwa mtoto wa kaka yake mwenyekiti. Alikuwa kijana mzima, mwenye miwani ya jua, ambaye hadi hapo kazi yake kubwa ilikuwa kuchaji simu za watu. Kuogelea alikuwa hajui. Tuliambiwa ni mwaminifu. Basi tukasubiri mafuta yapungue kuliwa, kwa kuwa mwizi ameondoka.

Hayakupungua. Yaliliwa vilevile, na siku za baridi yaliliwa zaidi, maana huyu kijana alipoona injini inazima akirudisha choki, aliiacha choki imevutwa nusu, njia nzima. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi akili ya kikundi inavyofanya kazi. Wakati wa nahodha wa kwanza, mafuta yalikuwa yanaibwa. Wakati wa mpwa wa mwenyekiti, mafuta yalikuwa mabaya. Sheli wanachanganya na maji, wakasema. Wengine wakasema ziwa limejaa tope mwaka huu kwa hiyo maji ni mazito. Wengine wakasema mwalo wa jirani wametufanyia kitu. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mpwa anaiba, wala hakuna aliyekwenda kutazama mabati yake, ambayo kwa kweli hayakuwapo, kwa kuwa alikuwa akilala kwa shangazi yake.

Fundi akaitwa tena, akapikiwa tena. Akafungua plagi, akazikuta nyeusi tii, zimeganda masizi. Akaweka mpya. Baada ya muda mfupi nazo zikawa nyeusi. Akazungusha skrubu ya kabureta upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha akairudisha karibu na ilipokuwa. Akatushauri wanawake wanene tusipande safari moja. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mnene kuliko wote, akasema ushauri huo tutauzingatia, akapanda safari hiyohiyo.

Lakini jambo ambalo sitalisahau ni la oili. Siku moja alichomoa kile kijiti cha kupimia, akakitazama, akakifuta, akakitumbukiza, akakitazama tena. Oili ilikuwa imepanda kupita alama ya juu. Mtu mwingine angeogopa. Yeye aliinuka akiwa na uso wa furaha.

"Injini nzuri hizi," alisema. "Inazalisha oili yenyewe."

Mwenyekiti akalitangaza kwenye kikao kilichofuata, kwamba pamoja na changamoto za mafuta, mradi sasa unazalisha oili. Watu wakapiga makofi. Nami nilikuwepo, nikaitazama mikono ile ikipiga makofi, mikono ya wanawake wanaojua kwamba sufuria haijazi mchuzi yenyewe. Baada ya kikao nilikwenda kwenye boti, nikachomoa kijiti, nikakinusa. Oili ilinuka petroli. Sikujua maana yake, lakini nilijua kwamba petroli tuliyokuwa tukiililia tumeipatia mojawapo ya maficho yake, na haikuwa nyumbani kwa mtu.

Niliamua kulifuata dumu. Nilikwenda sheli mwenyewe kwa bodaboda, nikajaza madumu yote mawili, nikarudi nayo, nikapanda boti na kulikalia moja. Mpwa akaniuliza kama simwamini. Nikamwambia nina maumivu ya mgongo, dumu linanifaa. Tukaenda, tukanunua samaki, tukaanza kurudi. Hakuna mtu aliyeligusa dumu langu ila mimi mwenyewe nilipomimina. Na bado, tukiwa tunauona mwalo lakini hatujaufikia, injini ikakohoa mara ya mwisho na kunyamaza.

Hatukuwa na kasia. Mpwa alikuwa ameziacha nchi kavu, eti boti ya injini haibebi kasia. Wanawake tukachukua vipande vya mbao za sakafu ya boti na masinia tuliyopimia samaki, tukapiga maji kwa vitu hivyo. Upande wa matete kiboko alitoa kichwa, akatutazama, akazama, na hatukujua amezama kuelekea wapi. Mwanamke mmoja alianza rozari, mwingine akasoma dua, na nahodha wetu mwaminifu alivua miwani, akakaa katikati ya boti mahali pakavu. Tulifika. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge na samaki wa juu walikuwa wameanza kulainika.

Kabla ya kushuka niliondoa kofia ya injini, nikaweka kiganja juu ya ile sehemu ya chuma zinapofungwa plagi. Nilikuwa nimejiandaa kuungua. Nimepanda pikipiki maisha yangu yote na nina kovu mguuni la kugusa injini iliyotoka safari fupi. Hii ilikuwa imekwenda na kurudi ziwa zima, na ilikuwa vuguvugu tu, kama ukuta wa nyumba jioni. Yule nahodha wa kwanza alikuwa ametuambia hivyo mapema kabisa, kwa maneno machache, na tulikuwa tumecheka.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilimkuta anafyatua matofali, na mkewe akaniletea kigoda bila kunitazama usoni.

"Sitaki habari za boti yenu, dada," nahodha alisema hata kabla sijakaa vizuri.

"Sijaja kwa ajili ya boti. Nimekuja kukwambia kwamba nimelikalia dumu njia nzima, na mafuta yameisha. Hukuiba."

"Mimi nilijua kwamba sikuiba. Hiyo ndiyo habari uliyoniletea?"

Alikuwa amesema kweli. Mkewe ndiye aliyeacha kupepeta mtama akaniuliza, "Hayo umewaambia wao?"

"Nikiwaambia leo watasema mafuta ni mabaya. Nataka nijue injini ina nini, ili wasiwe na pa kukimbilia." Nikamgeukia mumewe. "Umeiendesha ikiwa nzima na umeiendesha ikiwa mbovu. Twende tukaitazame ya mwenzetu iliyo kama hii, tuone imetofautiana wapi na yetu."

Injini kama yetu ilikuwapo moja tu karibu, mwalo wa jirani, ya tajiri mmoja mwenye boti kadhaa. Mtu huyu simpendi na sitajifanya kumpenda. Ana meno mawili ya dhahabu na anacheka ili uyaone. Akinunua samaki kwa mwanamke anamwita mrembo kwanza, kisha anampunja. Nahodha naye hakumpenda. Lakini alinawa udongo mikononi, akavaa shati, tukaenda.

Tajiri alitusikiliza akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka lake, akifurahia kila neno la shida yetu.

"Kwa hiyo akina mama wamekwama," alisema. "Wamemleta mwizi wao aje kuangalia mali yangu."

Nahodha akageuka kutaka kuondoka. Nikamshika mkono wa shati.

"Kaka," nikamwambia tajiri, "ukituonyesha, nitawaambia watu wote kwamba ni wewe uliyetuonyesha. Usipotuonyesha, nitawaambia kwamba na wewe hujui."

Akacheka, meno yote nje, akainuka.

Boti yake ilikuwa majini, imelala tangu jana, injini ya baridi. Akaiwasha. Kwanza ilikohoa kama yetu. Akarudisha choki, nayo ikaendelea kunguruma vizuri. Akatuambia tuweke mikono, tukaweka. Chuma kilianza kupata joto, kikaendelea kupata joto, hadi nahodha akaondoa mkono wake, kisha nami nikauondoa wangu. Hatukuwa tumesubiri hata muda wa kuchemsha chai.

"Yenu?" tajiri aliuliza.

"Yetu ungelalia," nahodha alisema.

"Basi wamekitoa." Akanyoosha kidole kwenye kifuniko kidogo chenye bolti, juu kwenye kichwa cha injini. "Hapa ndani kuna kidude kama mlango. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji ya ziwa hayapiti kwa wingi, injini inapata moto haraka. Ikishapata moto kinafungua, maji yanapita yaipoze. Kinaitwa themostati. Kikikosekana, maji yanapita muda wote. Ni sawa na kupika ugali huku mtu anamwagia sufuria maji ya kisima kwa nje. Kuni zitaisha, ugali hautaiva."

"Na petroli kwenye oili?" nikauliza.

"Petroli haiungui yote kwenye injini ya baridi. Inayobaki inateremka chini inachanganyika na oili. Mmekuwa mnaendesha injini kwa oili iliyochakachuliwa. Bado haijafa?" Aliuliza kama anayeuliza habari za mgonjwa ambaye urithi wake anautaka.

Tukarudi kwetu, naye akaja nyuma yetu kwa pikipiki na spana zake, bila kualikwa, maana asingekubali kukosa kuona. Nahodha ndiye aliyefungua. Bolti zilitoka, kifuniko kikatoka, tukachungulia. Palikuwa na shimo la duara, safi, lenye ukingo wa kukalishia kitu, na kitu chenyewe hakikuwapo. Nahodha alilitazama shimo lile muda mrefu. Sikuona furaha usoni mwake. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akifikiria jinsi lilivyo dogo.

Tulimpigia fundi simu nikiwa nimeweka sauti ya nje, na mwenyekiti, aliyekuwa amefika kwa kusikia kelele, amesimama karibu.

"Kile kidude?" fundi alisema. "Nilikitoa. Kile wazungu wanaweka kwa sababu kwao kuna barafu. Huku ni nchi ya joto, hakina kazi, kinazuia maji tu. Mimi pikipiki na magari yote ya watu natoa."

"Kiko wapi?" nikauliza.

"Nitakumbuka wapi, mama? Ni kitu cha kutupa. Lakini mkitaka nije niwawekee kingine, tutaelewana bei ya ufundi."

Mwenyekiti alisikia kila neno. Nilimtazama nikisubiri. Alijifunga khanga yake upya, akasema, "Mradi unahitaji kipuri," akaondoka kwenda kwake.

Kipuri kililetwa kwa basi kutoka Mwanza. Nahodha alikifunga kwa ombi langu, si kwa ombi la kikundi, akamwaga ile oili nyepesi kama chai, akaweka mpya na plagi mpya. Akaiwasha. Tukaweka mikono, wanawake wote waliokuwa mwaloni, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliuondoa mkono haraka. Safari ile dumu moja lilitupeleka, likaturudisha, na mafuta yakabaki yakitikisika chini. Mpwa ndiye aliyeendesha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ashuke.

Katika kikao kilichofuata mwenyekiti alimshukuru Mungu, akawashukuru wajumbe kwa uvumilivu, akamshukuru hata fundi kwa ushirikiano wake alipopigiwa simu. Akasema tatizo la kitaalamu limepatiwa ufumbuzi. Nilisimama nikauliza nahodha je. Mwenyekiti akasema tusirudi nyuma, tutazame mbele. Yule mwanamke aliyepepeta alizeti akainama tena kwenye mkeka wake. Sijui kama aliwahi kukipata alichokuwa akikitafuta.

Nilimwambia mwenyekiti faraghani kwamba nahodha anataka jambo moja tu. Hakutaka fidia. Alitaka yeye mwenyekiti aende nyumbani kwa nahodha mchana, aseme mbele ya wale majirani wa kisimani kwamba alikosea. Mwenyekiti akaniambia atalifanyia kazi. Alilolifanya ni kutuma kuku. Mke wa nahodha alimpokea, akamfunga miguu vizuri, akampa maji kidogo kwa ajili ya njia, akamrudisha kwa mkono wake mwenyewe. Wiki hiyohiyo nahodha akaenda kuendesha boti ya yule tajiri wa meno ya dhahabu, ambaye alimchukua kwa furaha kubwa, na kumlipa, nadhani, kwa furaha ndogo zaidi.

Boti yetu haikuona masika ya pili. Fundi aliruhusiwa kuifungua tena, mniamini msiniamini, kwa ajili ya huduma nyingine. Sijui safari hii aliboresha nini. Injini ilikwama katikati ya ziwa ikiwa na sauti ya vyuma vinavyosagana, na haikuwaka tena. Sasa imo sebuleni kwa mwenyekiti, imesimamishwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, sawa na vile anavyofunika televisheni. Wageni wakiuliza anawaambia huo ni mradi.

Mimi nilikuwa nimekwishaondoka kwenye kikundi. Nilianza kupanda boti ya tajiri, si kwa kumpenda yeye, ila kwa kuwa anayeushika usukani nilimjua. Wanawake wengine wakaja, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kueleza ambayo hakuna aliyemwomba. Nahodha aliwapakia wote. Wale waliochelewa aliwaacha huku anawaona, kama zamani.

Mwishoni mwenyekiti naye akaja. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, sote tumekaa. Aliteremka njiani na matenga yake mawili, akafika ukingoni, akasimama. Pa kupita hapakuwapo pengine. Samaki wako ng'ambo na boti ni hiyo. Tulimtazama nahodha, na nakiri wengine tulitamani amwache, hata mimi.

Nahodha aliacha kamba, akakanyaga majini hadi magotini, akamsogelea.

"Shikamoo, mama," alisema.

Yule mama alifungua mdomo, akaufunga. "Marahaba," akasema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwenye kikao chochote.

Nahodha akapokea matenga, akayapanga mbele yasiloweke, akampa mkono, akampandisha. Hakusema jingine, na yule mama hakusema jingine, wala ukingoni pale wala njia nzima. Nilisubiri aseme. Tulifika ng'ambo, akashuka, akahesabu matenga yake, akaenda kugombana na wavuvi juu ya bei.

Anapanda mpaka leo. Kila asubuhi anaamkiwa, kila asubuhi anaitikia, na kila mara naona jinsi inavyomwia vigumu kulitoa neno lile dogo. Kuomba radhi bado hajaomba.